Maalim wa Ndege Wawili

Sikumpenda Maalim alipokuwa akinifundisha, na sitojitia kumpenda sasa kwa kuwa amekufa. Kufa kila mtu hufa. Nawajua watu wetu: mtu akishazikwa tu, uvivu wake unageuka kuwa utulivu, na ulimi wake mchafu unageuka kuwa ukweli usiopendwa. Mimi siwezi. Nimeishi na yule bwana ukuta kwa ukuta pale Matrah, kando ya Maskati, miaka sita, tangu tulipofika kutoka Unguja mwaka wa sitini na nne mpaka mwaka wa sabini, na miaka yote hiyo alikula kwetu mchana na jioni, akatusema asubuhi na alasiri.

Niseme mapema kwa nini nilimvumilia. Nilikuwa namhitaji. Nilipotoka Unguja nilikuwa na miaka kumi na tatu, niko skuli, na kila karatasi yangu ilibaki kule. Maskati ya siku zile haikuwa na skuli ya wasichana. Mimi nilitaka kuwa mwalimu, basi, sikutaka kingine. Baba alifariki mwaka wa pili wa kufika kwetu, na Mama akaanza kukaanga vitumbua na bajia za kuuza, na moshi wa kuni ukamla kifua mpaka akawa akipanda ngazi tatu anasimama kutafuta pumzi. Nilitaka kumtoa kwenye moshi ule. Na katika mji mzima hapakuwa na mtu wa pili aliyeweza kusimama akasema, msichana huyu nilimsomesha, namjua, isipokuwa Maalim, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mwalimu wangu Unguja. Kwa hiyo nikamvumilia, kama mtu anavyolivumilia jino bovu kwa kuwa ndilo analotafunia.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na pua yake ilikuwa juu wakati wote, hata akila. Kanzu moja, aliipiga pasi mwenyewe kila Alhamisi kwa pasi ya makaa, na humo ndimo zilimoishia kazi zake za mikono kwa wiki nzima. Mwavuli katika mji usio na mvua. Alinywa chai kwa kidole cha mwisho kilichosimama, na akimaliza alikirejesha kikombe mbele ya Mama bila kumtazama, kama kwamba kikombe kimejiendea chenyewe.

Na alikuwa na kitabu. Ah, kitabu kile! Kilikuwa cha Kiingereza, kizito, jalada jekundu, kinaeleza ndege wa Amerika ya Kusini. Namna kilivyofika Matrah ni kichekesho. Siku ya kuyakimbia mapinduzi kila mtu alichukua kilichokuwa karibu na mkono. Baba alichukua hati ya shamba ambalo hatukuliona tena maisha. Jirani mmoja alibeba saa ya ukutani akaacha ufunguo wake. Maalim aliingia ndani kuchukua faili lake jekundu lenye vyeti vyote vya ualimu, akatoka na kitabu chekundu cha maktaba ya skuli, alichokiazima na kukikalia mwaka mzima. Aligundua wakiwa safarini. Baba alikuwapo, na aliniambia kwamba Maalim alikifungua, akakifunga, akakifungua tena.

Lakini tulipofika na watu wakauliza, loo, hadithi ikawa nyengine. Ati alikichagua! Ati alisimama baina ya vyeti na kitabu, akapima, akaona vyeti ni karatasi na kitabu ni elimu. Aliisema mara nyingi hata nafikiri mwenyewe aliiamini. Mimi nilikuwa nikimtazama tu.

Akafungua darasa chumbani mwake baada ya sala ya alasiri. Tulikuwa watoto sita wa nyumba za Unguja, na ada yangu mimi ilikuwa ni kile chakula anachokula kwetu. Tulidhani tutafundishwa hesabu, Kiingereza, jiografia. Tulifundishwa ndege. Na si ndege wote wa kitabu, ndege wawili. Kitabu kiliroa maji ya chumvi njiani na kurasa zikagandana. Penye mamia ya kurasa palifunguka vizuri pahala pamoja tu, ndege mmoja ukurasa wa kushoto na mwengine wa kulia. Hiyo ndiyo mitaala tuliyoipata.

Ndege wenyewe niwaeleze, maana ndio skuli yangu. Wote wawili ni wavumaji, yaani wale ndege wadogo wanaosimama hewani mbele ya ua, mbawa zinavuma, wakalinyonya kwa ulimi. Sisi tuliwaita chozi, kwa kuwa kwetu Unguja chozi ndiye anayenyonya maua, na Maalim akatukaripia kama tumemtukania wazee wake. Akasema chozi hukaa kwenye tawi akanywa, mvumaji hunywa akiwa angani, na asiyejua kutofautisha mawili hayo akauze ndimu.

Wa kushoto alimwita Upanga. Ni wa kijani, kichwa rangi ya shaba, na mdomo wake ni mrefu kuliko mwili, ukiuacha mkia. Anaishi kwenye misitu ya milimani yenye ukungu, anakunywa kwenye maua marefu yanayoning'inia, ambayo ndege mwengine hawezi kufika mwisho wake. Mdomo ule ni mzigo. Akitua inambidi aunyanyue juu ili asielemewe, na kwa kuwa hawezi kuupinda ukamfikia, hawezi kujisafisha manyoya nao. Hujikuna kwa miguu.

Wa kulia alimwita Jitu. Huyo ndiye mkubwa kuliko wavumaji wote, kiasi cha mbayuwayu. Rangi ya udongo, hana kinachong'aa. Wenzake mbawa zao hazionekani kwa kasi, zake jicho linaziona zinapiga. Anaishi nchi za juu zilizo kavu, penye mawe na mipungate, na anakunywa kwenye ua lolote litakaloridhia kuchanua huko. Maelezo yake yaliendelea ukurasa uliogandana, kwa hiyo yaliyobaki Maalim aliyatunga. Wiki hii Jitu anataga mayai mawili, wiki ijayo matatu. Nikimkumbusha ya wiki iliyopita ananiambia, wee binti, mwalimu ni nani?

Miaka sita, ndege wawili. Alichora mistari ukutani kwa mkaa, Upanga huku, Jitu huku, na kila siku tuongeze kitu. Mdomo. Mguu. Anakaa vipi. Anaangalia wapi. Alikuwa akikifunika kitabu kwa leso na kuuliza: Jitu ameshika tawi kwa mguu gani mbele? Asiyejua asimame mpaka mwisho wa somo. Na alikuwa na mtego wake. Akishamaliza huuliza kwa upole kabisa, sasa nani bora? Mtoto akisema Upanga, sikio linavutwa. Akisema Jitu, sikio linavutwa la pili. Usiseme bora, alikuwa akisema, sema kilichopo. Hapo ntampa haki yake, nayo ni ndogo: tulijifunza kutazama. Mpaka leo nikiwekewa vitu viwili mbele yangu naanza upande wa kushoto.

Lakini mwanaume huyo huyo akitoka nje akikaa barazani alasiri ikipoa, ile sheria yake inabaki ndani na leso. Barazani watu wote wa Matrah walikuwa ama Upanga ama Jitu, na yeye ndiye mpimaji. Wenye kusoma, wenye kuchagua, ni Upanga. Wenye kula popote na kufanya kazi yoyote ni Majitu. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni alimwendea kwa heshima zote, akimtaka amwandikie barua zake za Kiingereza, akae kwenye kiti, chini ya feni. Maalim alimwambia kwamba yeye hanywi kila ua. Yule bwana akaondoka hajui ameambiwa nini. Jioni ile ile Maalim alikuja kwetu akala sahani mbili za wali na papa mkavu wa wavuvi wa Qantab, na akalalamika kwamba papa ana chumvi.

Watu wa mtaani waliposikia habari ya ndege walimfahamu wanavyofahamu watu wenye akili: huyu ni mganga wa ndege. Akaja mama mmoja na kuku wake mgonjwa, macho yamefumba, shingo imelegea. Maalim alirudi nyuma hatua tatu. Alimwambia yule mama kwamba utaalamu wake ni wa Amerika ya Kusini, na akafunga mlango. Aliogopa kuku, wallahi. Mtu mzima na mwavuli wake. Mama yangu ndiye aliyempokea yule kuku, akamtia kitunguu na samli kooni, akamlaza karibu na jiko, na siku ya tatu kuku anatembea. Tangu siku ile yule mama alikuwa akituletea mayai, na nani aliyekuwa wa mwanzo kuyala, unadhani?

Siku moja alitutembeza mpaka Wattaya. Leo Wattaya ni maduka ya magari, vioo vitupu; wakati ule ilikuwa visima, mitende na bustani ndogo za watu. Tulikwenda kusoma nje, alisema, kama wanavyosoma walimwengu. Tukakaa chini ya mti wenye maua, akafungua kitabu, akaanza: Upanga huku, Jitu huku. Na juu ya kichwa chake, hata dhiraa mbili hazifiki, akaja ndege mdogo mweusi anayemetameta zambarau, mdomo umepinda, akatumbukiza mdomo kwenye ua, akatoa, akatumbukiza kwenye jengine. Chozi, mzima, wa Maskati. Nikamwambia Maalim, tazama. Hakugeuka. Alinyanyua kidole akasema nisimvurugie somo. Tukakaa pale watoto sita tunamwangalia ndege, na mwalimu wa ndege amempa mgongo anatusomea picha. Tukarudi Matrah kwa miguu, na yeye akatuambia kwamba nchi hii haina ndege.

Sasa nije kwa Mama, kwa kuwa ndiko alikonichoma.

Mama si Mwarabu. Baba ndiye aliyekuwa Mwarabu. Mama alikuwa mtu wa Makunduchi, mweusi, mpana wa mabega, mkubwa, mwendo wake wa taratibu, na Kiarabu chake kilikuwa cha sokoni: unga, samaki, punguza. Maalim alimtazama siku moja akiwa amebeba sinia la vitumbua kichwani, akawaambia wenzake wa barazani, "Jitu hilo linapita." Wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia. Nikaenda kumwambia Mama kwa hasira, nikitaka yule mtu anyimwe chakula tangu usiku ule.

Mama aliuliza Jitu anakula nini. Nikamwambia, chochote kinachochanua penye ukame. Akafikiri kidogo, akasema basi ndege huyo ana akili. Akauliza na yule mwengine, huyo wa Maalim. Nikamweleza habari ya mdomo na ya kujikuna kwa mguu. Mama alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akasema, maskini, kula anajua, kujikuna hajui. Akapakua sahani ya Maalim, akaiongeza mchuzi, akanipa nimpelekee.

Nilimdharau Maalim kwa kuila ile sahani. Na niseme kweli, nilianza kumdharau Mama kidogo kwa kumpa. Ndivyo yule mtu alivyokuwa; ukikaa naye unaambukizwa. Nilipofika miaka kumi na saba nilikuwa nikimsahihisha Mama maneno yake ya Kiarabu mbele ya wateja. Nikitumwa na sinia nilipita uchochoro wa nyuma ili nisionwe na wasichana wa nyumba kubwa. Chai nilianza kuinywa kidole juu. Mama aliona yote yale, na mimi nikadhani haoni.

Mwaka wa sabini nchi ikafunguka. Serikali ikawa mpya, watu wakaanza kurudi kutoka kila pembe, na ikapigwa mbiu kwamba skuli za wasichana zitafunguliwa na walimu hawapo. Moyo wangu ulikuwa utoke. Lakini sisi wa Unguja tulikuwa hatuna vyeti, na ikawa ndiyo desturi ya ofisini: asiye na karatasi aje na shahidi anayemjua tangu kule, aseme mbele ya bwana mkubwa ni nani huyu na amesoma wapi. Watu wakawa wanakwenda wawili wawili, leo mimi nakushuhudilia wewe, kesho wewe mimi. Shahidi wangu nani? Maalim. Ukanirudia ule moyo wa jino bovu.

Alikubali, na alijua kujiuza. Kwanza pilau. Pili kanzu yake ipigwe pasi na mimi. Tatu akanieleza kwamba na yeye anaomba kazi siku hiyo hiyo, kazi ya ukaguzi wa skuli, na kwa kuwa vyeti vyake vilibaki Unguja, itambidi aonekane mtu wa maana. Kwa hiyo atasema kwamba baada ya baba kufa yeye ndiye aliyenilea na kunilisha na kunisomesha, kama mwanawe. Nisimkanushe. Nilimtazama pua yake juu, mchuzi wa Mama bado uko kidoleni. Nikamwambia, sawa. Nilikuwa tayari kusema lolote ili niingie katika ile skuli.

Mama alisema na yeye anakuja. Nilimwambia jua kali, nilimwambia ngazi, nilimwambia kifua chake. Akavaa buibui lake zuri, ambalo lilikuwa limepauka mabegani, akapakia kikapu cha vitumbua ampelekee bwana wa ofisini, kwa kuwa huendi kwa mtu mikono mitupu. Njia nzima kutoka Matrah mpaka Maskati, ndani ya Landrova iliyojaa watu, nilikiangalia kile kikapu nikiomba kimwagike.

Bwana wa ofisini alikuwa Mwarabu wa nchi nyengine, aliyeajiriwa kupanga skuli. Kijana, suti, miwani, Kiarabu chake cha haraka ambacho hata mimi nilikitegea sikio. Maalim na mimi tukawekewa viti mbele ya meza. Mama alibaki mlangoni, mbali, amesimama na kikapu, anavuta pumzi baada ya ngazi.

Maalim alisema yake, kwa Kiarabu cha kitabuni, mkono kifuani: yatima huyu, nimemlea, nimemlisha, nimemsomesha miaka sita kwa tabu yangu. Mimi nikainamisha kichwa. Bwana akaniambia, haya, nifundishe mimi kitu, nifanye mtoto wa miaka kumi. Nikajiona sina kitu. Sina hesabu, sina jiografia. Nikaomba chaki, nikachora kwenye ubao wa ukutani, huku Upanga, huku Jitu. Nikaanza mdomo. Nikaja miguu. Nikamuuliza, kwa nini unafikiri huyu anaangalia juu? Akafikiri kweli, kama mtoto, akajibu, nikamwambia tazama tena. Tulikaa hivyo robo saa. Mwisho akaniuliza nani bora, nikamwambia hilo hatulisemi, tunasema kilichopo. Akacheka, akavuta karatasi, akaandika jina langu.

Hapo ndipo alipotupa jicho mlangoni. Akamtazama Mama juu mpaka chini, uso wake, buibui lake, kikapu. Akaniuliza, kwa upole tu, kama yule ni mtumishi wa nyumbani kwetu. Alitumia neno la kwao, ambalo Matrah halisemwi.

Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake na muhuri haujapigwa. Nikaona yote kwa mara moja: nikisema ni mama yangu ataniuliza ukoo, ataniuliza karatasi za baba, atamtazama Mama tena halafu atanitazama mimi. Nikasema, "Naam."

Sikubabaika, wala sikutafuna maneno. Nilisema naam, kwa sauti, na nikamwona Mama kule mlangoni ameisikia ile naam na anatabasamu, hajui nimejibu nini.

Bwana akachukua muhuri. Maalim akaweka mkono juu ya karatasi yangu. Alisema kwa Kiarabu, polepole, na safari hii hakikuwa cha kitabuni: "Yule ni mama yake mzazi. Na mimi nimekudanganya. Sikumlea mtu. Yule mwanamke ndiye aliyetulisha sote wawili miaka sita."

Bwana alinitazama mimi, si Maalim, alinitazama muda mrefu. Halafu akasema kwamba walimu hawapo, na kwamba ninafundisha ameliona mwenyewe kwa macho yake, na akapiga muhuri. Ama Maalim, akamrudishia ombi lake. Akamwambia mtu asiye na cheti hana ila neno lake, na wewe la kwako umelivunja sasa hivi mbele yangu. Maalim akaikunja karatasi mara nne akaitia mfukoni.

Tulisimama nje juani kungoja gari ya kurudia Matrah. Mama aliniuliza nimepata? Nikamwambia nimepata. Akashukuru Mungu. Mimi nilikuwa siwezi kumtazama, nikawa naangalia magurudumu ya magari, nikingoja Maalim aseme. Nilijua atasema. Ulimi ule umewasema watu wa Matrah miaka sita kwa makosa madogo kuliko langu, na leo amepoteza kazi kwa ajili yangu. Nilikuwa na haki ya kuaibishwa, na hata nilitaka iwe upesi.

Mama akamgeukia. "Maalim, yule bwana alinitazama mimi akauliza kitu. Aliuliza nini? Nimemsikia mwanangu anasema naam."

Maalim alifungua mwavuli wake, akausogeza umfunike na Mama.

"Aliuliza, yule bibi ndiye mama yako? Naye akasema naam."

Mama akaweka kikapu chini. Akajifuta uso kwa ncha ya buibui, akajifuta tena. Maalim alikuwa anatazama barabarani.

Sikumshukuru. Siku ile nilimchukia kuliko siku zote, na alipofariki baada ya miaka miwili nilikwenda matangani nikakaa na wanawake, sikulia. Hakupata kazi nyengine. Aliendelea kula kwetu, nyumba niliyopewa na skuli, na kuisema chumvi yetu, na neno la siku ile hakulitaja, hata tulipokuwa peke yetu, hata nilipomkosea adabu kusudi ili alitaje.

Mama aliishi miaka kumi na moja mingine, bila ya moshi. Kila mgeni aliyeingia nyumbani alihadithiwa: jinsi bwana mkubwa wa ofisi, na miwani yake, alivyouliza mbele ya watu kama yule bibi wa kikapu ndiye mama, na mwanawe, msichana msomi, akajibu naam, asione haya hata kidogo. Wageni wakinigeukia, wakiniombea kheri. Nami nilikuwa nikikaa papo hapo, nikiwamiminia chai.